Ollerton wa Mama Wabiwa

Ukitaka kugombana na Généreuse Ollerton bila sababu nyingine yoyote, mwulize jina lake la kweli ni lipi. Wamemwuliza wengi. Wamemwuliza ghalani Wetherill Park anakopanga maboksi, wamemwuliza kliniki, wamemwuliza hata kanisani, mbele ya mchungaji. Wanasoma jina kwenye kizibao chake cha kazi, wanamtazama usoni, wanalisoma tena, halafu wanaanza: dada, lile la kweli? Hapo huweka boksi chini, mkono kiunoni.

"La kweli ni hilo. Weye la kwako ulinunua duka gani?"

Ni mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwili wa kushiba, mdomo mali yake. Alizaliwa milimani Fizi, mashariki ya Kongo. Vita vikamtoa huko, akakaa kambini Nyarugusu, Tanzania, mpaka akaota mvi, kisha akaletwa Sydney pamoja na binti yake wa pekee. Huko kote alipita na jina lake hilohilo. Makarani wa nchi tatu walijaribu kumpa lingine waliloona linamfaa zaidi, wakagonga mwamba. Sasa mnajiuliza, jina la Kiingereza lilifikaje Fizi? Ngojeni, nalifikia.

Mama wa babu yake aliitwa Mama Wabiwa. Siku moja akapita mlimani Mwingereza mmoja, mhubiri, Edwin Ollerton, ana sanduku la dawa na haraka nyingi. Homa ikamwangusha njiani. Wapagazi wake walipoona amekakamaa wakasema huyu kwisha, wakatawanyika. Mama Wabiwa, naye ana mimba kubwa, akamburuta hadi kibandani kwake. Akamnywesha uji kwa kijiko, akamfukuzia nzi, akamgeuza upande huu na upande huu kama mtoto. Mzungu akapona. Akauliza, mama, nikupe nini? Watu wakatega masikio. Walidhani atataka chumvi, au shuka.

"Jina lako," akasema Mama Wabiwa. "Lingekuwa limezikwa nyuma ya nyumba yangu saa hizi. Mimi ndiye nimelitoa shimoni, ni langu. Utampa huyu wa tumboni."

Mwingereza akakaa mpaka mtoto akazaliwa. Akampakata, akamtamkia jina sikioni. Kisha Mama Wabiwa akapika sombe, majani ya muhogo, kwa samaki wa moshi na mafuta ya mawese, akawalisha yule mzungu na majirani wote, ili kesho asitokee mtu wa kusema hakusikia. Yule mtoto ndiye Masumbuko Ollerton, babu yake Généreuse. Tangu siku hiyo ukoo ule una sheria yake. Mtoto hupewa jina na mwenye jina hilo, tena awe wa nyumba nyingine, kwa kuwa wa kwanza kulitoa alitoka nyumba nyingine. Halafu huliwa chakula cha jina. Anayekula ni shahidi, na shahidi hakani. Husema wao: mdomo wenye mafuta haukani.

Basi mwaka huu Ornella, binti yake Généreuse, akajifungua mtoto wa kike. Wakamwita Aksanti. Jina la ukoo likabaki hewani, na hapo ndipo kasheshe ilipoanza.

Ornella anaishi Minto na mumewe Destin. Mama yake anaishi Doonside, upande wa pili kabisa wa Sydney ya magharibi, lakini hilo halikumzuia. Kwa Généreuse, nyumba ya Ornella ilikuwa ni chumba kimoja cha nyumba yake mwenyewe, ila kilijengwa mbali kidogo. Alikuwa na ufunguo. Alihamisha sufuria. Alikunja upya nepi zilizokwisha kukunjwa. Jumapili moja akaja na hoja yake: mtoto aitwe Aksanti Ollerton.

"Hapana," akasema Ornella. Alisema kwa Kiingereza, maana yeye Kiswahili hukisikia chote ila hujibu kwa Kiingereza. "Mama, mimi nimelibeba hilo jina, najua uzito wake. Naitwa kwenye usaili wa kazi: Ollerton! Nasimama, na wanachungulia nyuma yangu kumtafuta mwenyewe. Shuleni waliniuliza kama babu yangu alikuwa mtumwa wa Ollerton fulani. Ni jina la mabwana. Binti yangu simvishi."

"Jina la mabwana!" Généreuse nusura aangushe kikombe. "Ni hii jina Mama Wabiwa alichukua kwa mikono yake! Yeye ndiye alimtoa yule bwana kwenye kaburi!"

"Hadithi yako tu, Mama. Hakuna mtu mwingine anayeijua."

"Miye naijua!"

"Kwangu ni kwangu. Nyumbani kwangu mimi ndiye naamua."

Loo! Neno hilo lilimchoma. Akamtazama Destin amsaidie. Destin, aliyetoka kazini asubuhi ile, alisema yeye jina lolote analipenda mradi mtoto alale, akajiendea zake chumbani. Wanaume wengine ni hasara tupu.

Njiani kurudi Doonside Généreuse alilia kwenye treni, tena bila kujificha. Hakulilia neno la binti tu. Hata Ornella angekubali, nani angelitamka lile jina sikioni? Kaka zake wawili waliokuwa nalo wamelala, mmoja Fizi, mmoja Nyarugusu. Australia nzima, kwa alivyojua, hakuna Ollerton mwingine ila yeye na Ornella, na aliwahesabu kuwa nyumba moja. Jina lililovuka vita na ziwa lingekatika Minto, mtaa wa nyumba za matofali, kwa kukosa mtu wa kulisema.

Wiki hiyohiyo msimamizi wake wa ghala akamwonyesha tangazo kwenye simu, huku akicheka. Akina Ollerton wote wa jimbo la New South Wales wanakutana Jumamosi, ukumbi fulani wa Minto. Kila mwenye jina anakaribishwa.

Msimamizi alidhani anamtania. Généreuse hakuona utani wowote. Kwao, mtu wa jina lako ni ndugu. Ukisikia yuko mji fulani unamwendea na kuku, unaingia bila kubisha. Na hawa wamemwita wenyewe. Wote! Akamkumbatia yule msimamizi mpaka kofia ikamwanguka. Ijumaa akapika sombe chungu kizima, kwa samaki na mawese, na bugali pembeni. Jumamosi akavaa kitenge chake cha arusi za watu, akamwambia Ornella kwenye simu: "Nakuja kuchukua mtoto. Naenda kumpeleka kwa ndugu zake."

"Ndugu gani, Mama? Hao wazungu hawakujui!"

"Watanijua leo."

Ornella aliogopa kumwachia aende peke yake. Alijua mama yake akichekwa atapigana, na asipochekwa atapigana pia. Akamfunga Aksanti kwenye kiti cha gari, akaendesha yeye, uso umemvimba.

Ukumbini walikuwa kama mia, wazee wengi, na keki nyingi. Mlangoni alisimama mwenyekiti wa chama, Bi Lorraine Ollerton, mama wa miaka sabini hivi, msafi, mwenye tabasamu lisilokatika. Alipoona chungu akawaonyesha mlango wa nyuma.

"Jiko liko upande ule, mpenzi." Huku Sydney huita mpenzi kila mtu, usidanganyike.

"Mimi ni Ollerton," akasema Généreuse, akatoa kitambulisho.

Bi Lorraine alikisoma, tabasamu likabaki palepale. Akaeleza taratibu, kwa sauti ya kusemea viziwi, kwamba kila tawi la ukoo lina beji ya rangi yake: la kapteni ni buluu, la jaji ni nyekundu, na kadhalika. "Mti wetu ni wa damu, unaona. Lakini marafiki wa jina pia tunafurahi kuwaona." Akambandika Généreuse kifuani beji nyeupe: MGENI. Ornella naye akabandikwa. Nusura mtoto naye abandikwe, Ornella akamgeuza upande.

"Twende nyumbani," Ornella akanong'ona.

"Kaa."

Wakakaa nyuma. Kwao Généreuse, binti wa nyumba hukaa mbele, lakini akaimeza hasira. Mkutano ukafunguliwa, kama mikutano ya Sydney inavyofunguliwa, kwa kuwataja na kuwaheshimu wenyeji wa kale wa ardhi ile, Wadharawal. Kisha Bi Lorraine akageukia ubao mkubwa wa picha ukutani. Hao ndio walikuwa Ollerton mashuhuri. Kulikuwa na kapteni aliyekuja na meli yake enzi hizo na kupewa ardhi isiyo ya aliyempa. Kulikuwa na jaji mwenye mashavu. Kulikuwa na mcheza kriketi aliyevunja dirisha la kanisa, na hilo ndilo walilolipigia makofi zaidi. Na pembeni, chini, mwanamume mwembamba mwenye ndevu.

"Mchungaji Edwin Ollerton," Bi Lorraine akasoma. "Alipeleka tiba milimani Kongo. Aliponea chupuchupu kufa kwa homa, kwa neema ya Mungu. Hakuwa na watoto."

Ornella alishtuka kama aliyemwagiwa maji. Maisha yake yote lile jina, zile ndevu, ile homa vilikuwa ni ngano za mama yake za kuchelewesha watu kulala. Akamgeukia mama yake. Généreuse alikwisha simama.

"Miye nasema kidogo," akasema, na hakungoja ruhusa.

Akatembea mpaka mbele, kitenge kinapiga kelele. Akabandua beji ya MGENI. Hakuwa na pa kuiweka, akaibandika juu ya kioo cha picha ya kapteni, kifuani hasa. Mtu mmoja akakohoa. Kijana mmoja wa tawi la jaji akacheka, mama yake akamfinya.

Kiingereza chake ni cha ghalani, kifupi, hakina mapambo, na siku ile kilimtosha.

"Neema ya Mungu ilikuwa na mikono," akasema. "Ilipika uji. Iliitwa Mama Wabiwa. Huyu bwana wapagazi wake walimkimbia, bibi yangu akamwokoa na mimba yake. Mnasema hakuwa na watoto. Kweli. Ndiyo maana jina alitupa sisi! Na hakutupa kwa huruma, bibi alidai haki yake."

Akageukia ubao.

"Mmeonyesha mashuhuri wenu. Sikieni wangu. Masumbuko Ollerton, babu yangu, alifundisha kuimba vijiji ambavyo havikuwa na kanisa, waliimba chini ya mvua. Léonie Ollerton, shangazi, mkunga wa kambi nzima. Watoto walizaliwa kwa taa ya simu, na hata mama mmoja hakumfia. Mirindi Ollerton, baba yangu. Askari walimsimamisha barabarani. Wakasema, weye mtu mweusi, taja jina la kweli. Akasema Mirindi Ollerton. Wakampiga kwa kitako cha bunduki. Taja la kweli! Akasema Mirindi Ollerton. Mimi nilikuwa nimeshika shati lake. Walimng'oa meno ya mbele yote, na jina hawakuling'oa. Sasa nani kati yenu amelipia hii jina kuliko baba yangu? Asimame!"

Hakusimama mtu. Hata jaji ukutani alionekana ameinamisha macho.

Makofi yalikuja, yale ya adabu, ya vidole. Bi Lorraine alikuja mbele amefurahi kwelikweli, macho yana machozi kidogo. Huyo mama hakuwa mbaya, nisimsingizie. Alikuwa tu hajawahi kusikia neno ambalo hakuweza kuliwekea keki.

"Hadithi nzuri mno!" akasema. "Lazima tupige picha ya jarida letu. Mzee Col, njoo umshike mtoto!"

Mzee Col ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote pale, miaka tisini na ushee, kwenye kiti cha magurudumu. Wakamsukuma mpaka chini ya ubao. Akanyoosha mikono yake ya mishipa. Na hapo, jamani, moyo wa Généreuse ulidunda. Hilo si ndilo alilolifuata? Mwenye jina, wa nyumba nyingine, mzee wa mvi, mikono imenyooshwa. Lilikuwa limebaki neno moja tu sikioni.

"Nimwambie nini?" akauliza Mzee Col, kwa upole.

"Usiseme kitu, mpenzi," akasema Bi Lorraine, akiinua simu. "Tabasamu tu, utazame huku."

Généreuse akauweka mkono wake mbele ya simu.

"La."

"Samahani?"

"Nimesema la. Saa ile mlangoni hatukuwa wa damu. Sasa tumekuwa wa picha? Jina halitolewi na mtu aliyeambiwa anyamaze. Nilikuja kuomba, mama. Niliamka kupika, nimekuja na mtoto mikononi kuwaomba. Nimewaangalia wote. Pole, Mzee Col, weye huna kosa. Lakini hapa hakuna wa kutupa jina. Hili jina tunalo sisi."

Alisema hivyo kwa kichwa juu, na ndani alikuwa amevunjika vipande. Mlango aliokuwa ameubisha ameufunga mwenyewe. Sasa nani? Alisimama chini ya ubao, watu mia wanamtazama, machozi yanamtoka kwa hasira, naye hakuyafuta.

Ornella alikuwa amefika mbele, Aksanti begani. Beji nyeupe hakuwa nayo tena.

"Mpe wewe, Mama," akasema.

"Siwezi, mtoto wangu. Lazima awe wa nyumba nyingine."

"Si nilikwambia kwangu ni kwangu?" Alisema kwa Kiswahili, kikiwa kimekwaruza kwa kutotumika. "Minto si Doonside. Basi weye ni wa nyumba nyingine. Na ufunguo wangu utanirudishia. Chukua mtoto."

Généreuse alifungua mdomo apinge, maana kupinga ndiyo pumzi yake. Kukubali jambo hilo kulikuwa ni kukubali kwamba hatahamisha sufuria tena, hatakunja nepi, atabisha hodi kama watu. Halafu akaingiza mkono kwenye mkoba, akatoa ufunguo, akamwekea Ornella kiganjani, akampokea mjukuu.

Alimwinamia sikioni. Walio karibu walisikia, na walio mbali wakasikia pia, maana hajui kunong'ona.

"Aksanti Ollerton. Wa Mama Wabiwa, wa Masumbuko, wa Mirindi. Ukiulizwa la kweli, sema ni hilo."

Mtoto akapiga chafya. Kwao ni kuitika.

Nani alikifungua kile chungu? Ni Ornella. Alikitua kwenye meza ya keki, akasukuma keki pembeni, akaanza kupakua bila kuuliza. Harufu ya samaki wa moshi ikatembea ukumbi mzima. Mzee Col akawa wa kwanza kuomba, akala kama aliyekuwa akiisubiri sombe tangu ujana wake, akamwambia Généreuse kwamba laiti angeruhusiwa, angelisema lile jina. Généreuse akamshika bega. Wale wa tawi la jaji wakaja, wa kapteni wakaja. Wazungu wa Sydney wakiona foleni hawajiulizi, huingia.

Bi Lorraine naye akaja na sahani yake, ametulia kidogo, tabasamu limepungua na kwa hiyo linafanana na tabasamu. Alionja. Akaonja tena. "Tamu sana," akasema. "Hiki chakula kinaitwaje?"

Généreuse akataka kujibu, Ornella akamtangulia. Alijibu kwa Kiingereza safi cha Minto, taratibu, kwa sauti ya kusemea viziwi.

"Hiki ni chakula cha jina. Kwetu, anayekula ni shahidi. Umekula, Bi Lorraine. Kuanzia leo huwezi kusema humjui Aksanti Ollerton."

Kijiko kilisimama hewani. Midomo ya mwenyekiti ilikuwa inang'aa mawese, nyekundu, pande zote mbili. Alimtazama Ornella, akamtazama mtoto, akaitazama sahani yake iliyobaki nusu.

"Mwongezee," akasema Généreuse.